Digrii Nne za Kuinama

Katika ploti moja ya Pipeline, Embakasi, utakuta malalamiko mawili yanayopingana. Mama wa duka la chini hana netwaki: mteja akitaka kulipa kwa M-Pesa hutoka hadi ukingoni mwa mtaro, akainua simu, ndipo ujumbe uingie. Mpangaji wa ghorofa ya saba ana vijiti vyote vya netwaki, vimejaa hadi juu, na video haichezi. Wa chini anasema mnara uko mbali. Wa juu anaapa kwamba kampuni inamlia bando. Mhandisi wa redio akiyasikia hayo, la kwanza huliandika kando kama kazi ya siku nyingine. La pili humfanya avute kiti, kwa sababu analijua: simu ya yule wa juu inaona minara mingi mno.

Vijiti hupima nguvu, havipimi usafi. Antena zilizo juu ya mapaa ya Tassia, Fedha, Donholm na Imara Daima zinarusha katika masafa yaleyale, na dirisha la ghorofa ya saba halina cha kulikinga. Simu ikichagua kituo kimoja cha kuzungumza nacho, vingine vyote vinageuka kelele, hata kama kila kimoja kikipimwa peke yake ni mawimbi mazuri ambayo yule mama wa chini angeyashukuru. Programu ya kupimia ya mhandisi huonyesha nambari mbili. Ya kwanza ni nguvu: tuseme hasi 75, ambayo ni nguvu tele. Ya pili ni uwiano wa mawimbi yanayotakiwa kwa jumla ya yasiyotakiwa, nayo inasoma desibeli sifuri. Sifuri hapo ina maana kwamba sauti inayotafutwa na zogo lililoizunguka vinalingana.

Claude Shannon wa maabara za Bell kule Marekani alionyesha mwaka 1948 kwamba kiasi cha habari kinachoweza kupita hewani bila makosa kinategemea upana wa masafa na uwiano huo, basi. Chukua megahezi 20, upana wa kawaida kwa 4G, na njia moja ya mawimbi. Uwiano ukiwa desibeli 20, yaani mawimbi yamezidi kelele mara 100, kikomo cha Shannon ni takriban megabiti 133 kwa sekunde. Uwiano ukiporomoka hadi sifuri, kikomo ni megabiti 20. Na hizo 20 watagawana wote walio kwenye sekta moja, yaani upande unaohudumiwa na antena moja ya kituo, ploti hii na za jirani, saa mbili usiku, kila mtu na TikTok yake.

Wengi tunadhani dawa ni kuongeza nguvu. Lakini ukikiongezea nguvu kituo kimoja umewaongezea majirani zake kelele, na wao wakiongeza za kwao mmerudi palepale, ila bili ya stima imepanda. Ndiyo sababu nawavulia kofia wahandisi wa redio na mafundi wao wa kupanda minara kuliko watu wengi wanaosifiwa mjini kwa teknolojia. Ufundi wao, kwa sehemu kubwa, ni wa kupunguza: kufanya kituo kisikike hapa na kisisikike pale, katika mitaa ambayo hapa na pale vimetenganishwa na kichochoro kisichopitisha mkokoteni.

Zamani haikuwa hivi. Simu za mkononi zilipoingia Kenya mwaka 1993, zikiwa za analogi chini ya Shirika la Posta na Simu, zilikuwa anasa ya wenye nazo, na kero ilikuwa kukosa mnara kabisa. Mfumo wa GSM ulipotanda, Safaricom ikiwa imeungana na Vodafone, nayo KenCell, mshindani wake, ikiwa imezinduliwa mwaka 2000, ukaja ufundi wa kupanga masafa. Wazo lenyewe lilikuwa la 1947, la mhandisi Douglas Ring, wa Bell pia: gawanya eneo liwe seli ndogondogo, kila seli ipewe masafa tofauti na ya jirani, kisha masafa hayohayo yatumike tena mbali kidogo. Wahandisi waliipaka ramani rangi. Buruburu ilipewa hii, Umoja ile, Kayole nyingine, na rangi moja isigusane na mwenzake. Ilikuwa kazi ya jasho, lakini ilikuwa na mwisho.

Kisha ikaja 3G, na Desemba 2014 Safaricom ikazindua 4G, na katika mifumo hiyo mpango wa rangi huachwa. Kila seli hutumia masafa yote. Faida yake ni uwezo mkubwa ajabu. Hasara yake ni kwamba kila jirani ni mwingiliano kwa mwenzake tangu siku anapowashwa, na kinachowatenganisha ni umbali, kuta, na pembe ambayo fundi ameielekezea antena.

Hiyo pembe inataka kutazamwa kwa karibu. Antena ya mnara ina umbo la ubao mwembamba, kimo cha mtu mzima au zaidi. Mwale wake ni mpana kwa ulalo na mwembamba kwa wima, digrii sita au saba tu. Ukiifunga wima kabisa, katikati ya mwale huenda sambamba na ardhi, na Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, ni tambarare ya udongo mweusi inayoteremka pole kuelekea Athi. Hakuna kilima cha kuuzuia. Kwa hiyo antena huinamishwa. Tuseme iko mita 24 juu ya barabara. Ikiinama digrii mbili, katikati ya mwale hugonga ardhi karibu mita 690 mbele. Digrii nne: mita 343. Digrii nane: mita 171. Katika mtaa ambao vituo vimetengana kwa mita mia tatu au mia nne, tofauti ya digrii mbili na nne ni tofauti ya kuhudumia majirani zako na kuwapigia kelele watu wa vituo viwili mbele.

Siku hizi kuinama huku hufanywa na mota ndogo iliyo ndani ya antena. Mhandisi aliye ofisini anafuta 4, anaandika 8, anabonyeza. Ukimwona unaweza kudhani kazi ni hiyo. Kazi ilikuwa wiki iliyotangulia, alipokuwa akihesabu nani ataumia. Antena ikiinama, wa ukingoni mwa seli hubaki gizani isipokuwa kituo cha jirani kinawafikia. Kwa hiyo huanza kwa kukagua kama cha jirani kinawafikia kweli. Kisha kuna zile nyumba za juu. Mpangaji wa ghorofa ya saba yuko mita 20 hivi kutoka chini, karibu sawa na antena zenyewe, na mwale usioinama humpiga usoni kutoka paa la kilomita moja. Ukiuinamisha wa mbali, unamwondolea mmoja wa wapiga kelele. Lakini juu ya mwale mkuu pana miale midogo ya pembeni, na ukiinamisha kupita kiasi, mmoja wa hiyo midogo ndio utakaoingia dirishani mwake. Basi mhandisi hubadilisha vituo viwili vitatu, usiku, na kungoja. Asubuhi hutazama simu ngapi zimekatika, ngapi zimekabidhiwa kutoka seli hadi seli na kurudishwa mara hiyohiyo. Akiona seli mbili zinarushiana mteja mmoja huku na huko, anajua mpaka wao bado una utata, na anarudia tena kwa digrii moja.

Ugumu wa Eastlands ni kwamba nyumba zake hazitulii. Umoja ilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, nyumba za chini zenye nafasi ya mwenyewe kuongeza chumba. Watu waliongeza chumba, kisha wakabomoa wakapandisha ghorofa, na leo Umoja ya ndani ni kuta za mawe zinazotazamana. Buruburu ilikuwa mtaa wa mezoneti na vibustani. Vingi vya vibustani hivyo vimemezwa na fleti. Upande wa mjini, Kaloleni ya miaka ya 1940 bado ina mapaa ya chini, na juu yake mawimbi hukimbia bila kugusa kitu hadi yaangukie ghorofa za kwanza ndefu yanazokutana nazo. Programu za kukadiria mawimbi hupenda mji uliotulia, wenye ramani ya urefu wa majengo. Ramani ya namna hiyo kwa Pipeline huchacha kabla haijachapishwa. Kituo kiliwekwa juu ya paa lililokuwa refu kuliko yote. Mwaka mmoja baadaye ploti ya mbele imekipita kwa ghorofa mbili, seli imekatika upande mmoja, na mawimbi yaliyogonga ukuta mpya yamerudi nyuma kumsumbua mtu aliyekuwa hana shida.

Hapo hakuna njia ila kwenda kupima kwa miguu. Kwa kawaida timu hupima kwa gari, simu zimepangwa kwenye dashibodi, kompyuta inarekodi, na Barabara ya Jogoo au Outer Ring huisha upesi jamu ikiruhusu. Vichochoro vya Pipeline na Huruma havipitiki kwa gari, na hata vingepitika, shida iko juu ngazini. Mpimaji hubeba mkoba wenye simu kadhaa, akapanda ghorofa kwa ghorofa, akisimama kila kitalu cha ngazi. Mtu anayepita Kayole wakati wa magharibi na simu nne mkononi, akizitazama zote kwa pamoja, anahitaji ujasiri au kea-teka wa kumsindikiza. Walio na akili huchagua kea-teka. Naye kea-teka kila ploti ana swali lake lilelile: "Bosi, nyinyi ndio mnatumalizia bando?"

Yote hayo ni mwingiliano wa jirani kwa jirani. Kuna mwingine ambao mnara hujitengenezea wenyewe, na huo ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu chanzo chake chaweza kuwa bolti yenye kutu.

Katika masafa ya zamani ya GSM, mnara hutuma kati ya megahezi 935 na 960, na husikiliza simu kati ya 890 na 915. Masafa hayo mawili yametengwa makusudi, kituo kisijisikie chenyewe kikitangaza. Sasa chukua mawimbi mawili yanayotoka kwenye paa moja, la 935 na la 960. Yakipita kwenye chuma safi kilichokazwa vizuri, hakuna linalotokea. Yakipita kwenye kiungo chenye kutu, kilicholegea, au chenye vumbi la chuma ndani, kiungo kile huyachanganya na kuzaa mawimbi mapya. Moja lao hupatikana kwa kuzidisha 935 kwa mbili na kutoa 960: 910. Limeangukia katikati ya masafa ambayo mnara unasikilizia. Na usikivu wa mnara si wa mchezo. Kituo hutuma kwa wati 20 au zaidi, lakini sauti ya simu iliyo ndani ya keja kule nyuma hukifikia ikiwa ndogo kiasi cha sehemu moja ya milioni bilioni ya nguvu hiyo. Kuzaliwa kwa chembe moja ya wimbi la 910 kwenye bolti kunatosha kuizamisha simu hiyo. Mapaa ya Eastlands yamejaa vitu vya kuzalisha chembe hizo: vipande vya mabati, fremu za mabango, minyororo ya tangi, nyaya za kuanikia nguo zilizofungwa kwenye nondo.

Fundi hupanda na kifaa kinachorusha mawimbi mawili ya majaribio, kila moja la wati 20, na kusikiliza linalorudi. Kisha huchukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, na kugongagonga kila konekta polepole huku akitazama skrini. Konekta nzima hunyamaza. Yenye kasoro huruka mara inapoguswa. Akiipata huifungua, huifuta kwa kitambaa chenye spiriti, hutazama mdomo wake kama kuna unyoya wa chuma uliobaki wakati kebo ilipokatwa, na kuifunga upya kwa spana ya kupimia mkazo. Ile konekta kubwa ya siku nyingi hutaka newton-mita 25 hadi 30. Ndogo ya kisasa hutaka tano. Anayefunga kwa nguvu za mkono na kusema "imekaza" anamtengenezea kazi mwenzake wa mwezi ujao: iliyolegea huzaa kelele, na iliyokazwa kupita kiasi huumiza nyuso za chuma na kuzaa kelele pia. Baada ya hapo huzungushia utepe wa raba kwa mikunjo inayoanzia chini kwenda juu, ili maji ya mvua yateleze juu ya mkunjo badala ya kuingia chini yake. Huu utepe hupati anayeusifu, na nimewahi kuona uliofungwa vizuri hivi kwamba nilitamani fundi wa paa langu angekuwa yule.

Ikiwa bolti zote ni safi na mnara bado hausikii, basi kuna mtu anayepiga kelele mtaani. Eastleigh ndiko mahali pa kujifunzia hili. Tangu Garissa Lodge ilipogeuzwa kutoka nyumba ya wageni kuwa soko miaka ya 1990, majengo ya biashara yameota Barabara ya First Avenue na ya Second Avenue, ya zege nene, maduka yamepangana hadi chini ya ardhi. Masafa ya juu hayafiki huko. Mwenye duka ananunua kikuza-mawimbi, antena moja juu ya paa, nyingine dukani, na netwaki inakuja. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka kifaa cha namna hiyo kiidhinishwe na kipewe leseni, lakini mwenye duka anataka kuuza. Sasa antena ya dukani ikiwa karibu mno na ya paani, kifaa kinajisikia, kinakuza tena kile ambacho kimekwisha kukikuza, na kinaanza kuvuma bila kikomo kama vile kipaza sauti cha mhubiri kilichosogezwa karibu na spika. Tofauti ni kwamba mvumo huu hausikiki kwa sikio. Mnara pekee ndio unaousikia.

Katika hali ya utulivu, kelele ya asili kwenye kipande kidogo cha masafa ya 4G huwa karibu hasi 119. Siku kifaa cha namna hiyo kinapovuma, mhandisi huona hasi 100. Desibeli 19 zinasikika kama kidogo. Maana yake kelele imepanda karibu mara 80. Simu zote za sekta ile hulazimika kupaza sauti ili zisikike, betri zinakwisha mchana, na zilizo mbali hazisikiki kabisa, ingawa zenyewe zinaonyesha vijiti.

Kumtafuta mkosaji ni uwindaji. Kwanza hutazamwa saa. Kelele ikianza saa mbili asubuhi na kufa milango ya mabati inaposhushwa jioni, huyo ni mwenye duka. Isiyolala usiku ni ya nyumbani, au ya hoteli. Pili hulinganishwa sekta: ipi imeumia zaidi, ipi kidogo, na mistari miwili mitatu kwenye ramani hukutana mahali fulani. Kisha mtu hushuka mtaani na antena ya mkono yenye vijiti kama mifupa ya samaki, na kisanduku cha kusoma masafa kifuani. Akiigeuza, skrini hupanda upande fulani. Asiye na uzoefu huufuata upande huo na kufikia ukuta mtupu wa vioo, kwa sababu mawimbi yalikuwa yamegonga hapo na kurudi. Mzoefu huchukua kipimo akiwa kona hii, akavuka barabara, akachukua kingine, akapanda paa la tatu. Vipimo vinavyokubaliana ndivyo anavyoviamini. Mwishoni huona kiantena kilichofungwa kwenye bomba la tangi, na waya mweusi unaoteremka. Huufuata waya kwa macho, ghorofa baada ya ghorofa, hadi dirisha la duka la nguo.

"Mama, hiki kifaa kinaharibu simu za mtaa mzima."

"Nikikizima, wateja wangu watanilipaje?"

Swali la mama ni la haki, na mhandisi mzuri hulibeba. Duka lile lilikosa huduma ndipo likajitafutia, na kuchukua kifaa na kuondoka ni kungoja kingine kiwekwe wiki ijayo. Jibu la kweli ni kuweka kituo kidogo ndani ya jengo, chenye nguvu ya taa ya usiku, kinachohudumia maduka na kuishia mlangoni. Hupatikana, ila kwa maombi na bajeti, na mama hangojei bajeti.

Kuhusu masafa ya juu kuna kitu ambacho mimi nilikiona kinyume hadi nilipoelezwa. Safaricom ilianza majaribio ya 5G Machi 2021, ikafungulia wateja Oktoba 2022, na Airtel ikafuata Julai 2023. 5G hii hupendelea masafa ya kati na juu, kama megahezi 2,600 na 3,500. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33. La 3,500 halifiki sentimita tisa. Kutoka 900 hadi 3,600, simu yenye antena ya aina ileile huokota sehemu moja ya 16 tu ya nguvu, kwa umbali uleule na mahali pasipo kizuizi. Bado hujaweka ukuta wa mawe ya Ndarugu. Wapangaji huulaani ukuta huo. Mhandisi huuhesabu kama mshirika, kwa kuwa unamzuia jirani asiingie. Taabu ni kwamba mawimbi yanayokufa upesi hudai vituo vingi na vya karibu, na kila kituo kipya huleta mipaka mipya. Mwingiliano huishi mipakani.

Halafu masafa haya huja na sharti la saa. Katika mfumo wa GSM, kutuma na kusikiliza kulitengwa kwa masafa. Hapa kunatengwa kwa zamu: wote wanatuma, wote wananyamaza na kusikiliza, mara mamia kwa sekunde, kwenye masafa yaleyale. Vituo jirani havipaswi kupishana kwa zaidi ya sehemu tatu za milioni za sekunde, muda ambao mwanga husafiri mita 900 tu. Saa hiyo huletwa na setilaiti za GPS, kupitia kiantena cha umbo la uyoga kilicho juu ya paa. Mtu akikiinamishia beseni, au mjenzi akikimwagia simiti, kituo huanza kupotea polepole, na kikianza kutuma wakati wenzake wanasikiliza, kinawaziba wote. Mwaka 2012 huko New Jersey, dereva mmoja aliyetaka mwajiri asijue alipo alibeba kifaa cha kuziba GPS ndani ya gari la kampuni, akavuruga mitambo iliyokuwa ikijaribiwa ya kuongozea ndege katika uwanja wa Newark. Mamlaka ya mawasiliano ya huko ikamtaka alipe karibu dola 32,000. Hakuwa na ugomvi na ndege yoyote.

Mzigo wenyewe nao hubadilika kwa saa. Michael Joseph, alipokuwa mkuu wa Safaricom, aliwaudhi Wakenya aliposema wana tabia za ajabu za kupiga simu. Walichukia, na wahandisi, nadhani, walicheka kimyakimya, maana mawimbi ya Eastlands yana saa zake. Kituo kisicho na wateja hakirushi sana na hakimsumbui mtu. Jioni vyote vinarusha, na mipaka iliyokuwa safi mchana inachafuka. Stima ikipotea ni balaa la namna yake: Wi-Fi za ploti hufa, kila mtu huwasha data, na kituo ambacho betri zake zimechoka kikizima, wateja wake huhamia kwa cha mbali, ambacho antena zake ziliinamishwa makusudi zisiwafikie.

Antena mpya za 5G huweza kuwa na njia 64 za kutuma na kupokea, zinazoweza kuunda miale myembamba na kuielekeza kwa kila simu, kwa ulalo na kwa wima pia. Kwa Pipeline hiyo ni habari njema, kwani ghorofa ya pili na ya saba zinaweza kupewa miale tofauti kwa wakati mmoja. Programu nazo sasa hujaribu kuinamisha antena zenyewe, kwa kusoma takwimu usiku kucha. Baadhi ya wahandisi wanazipenda, baadhi wanazizima zikianza kuhangaika. Mimi niko na hawa wa pili, walau kwa mitaa hii, ambapo takwimu za jana zinahusu nyumba ambazo jana hazikuwa na ghorofa ya leo.

Kwa hiyo bado hupandwa. Kea-teka hutangulia na funguo, fundi nyuma yake na mkoba, ngazi nane bila lifti. Juu ya paa hupiga picha kila digrii 30, picha 12, mduara mzima. Hupima urefu wa antena, huandika tangi limekaa wapi, na nguo zimeanikwa wapi. Kisha hutazama ploti ya mkabala. Nondo za nguzo zimeachwa zimechomoza juu ya slabu, na mifuko ya simiti imepangwa kando ya ngazi. Kwenye nafasi ya vizuizi huandika "ghorofa 8, inaelekea 9", na kupendekeza antena ya sekta ya pili iinuliwe mita tatu au ihamishiwe kona ya kusini. Mita tatu zinahitaji idhini mpya ya mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kuwa uwanja wa Jomo Kenyatta uko jirani. Kona ya kusini inahitaji ridhaa ya landilodi. Anapigiwa palepale paani, simu inakatika mara mbili, na inaposhika anauliza kodi itapanda kwa shilingi ngapi.